Kadi Iliyokatwa Kona Isiyo Yake

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, na nakusihi uusome mwandiko huu hadi mwisho hata kama unayumba, maana naandika nimekaa kitandani na sanduku liko chini ya kitanda, na mezani kuna fomu ya mtu inayotakiwa shuleni Ijumaa ijayo kabla ya saa nane mchana, na kila nikishika kalamu niijaze mkono unagoma. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, mabinti zangu wameolewa wako mbali, nimefanya kazi ofisi ya vipimo miaka thelathini na mwakani nastaafu, na nikuambie mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu aliyerukwa na akili: siku ya kuajiriwa nilipimwa kama wengine wote, nikapata mia na kumi na nane.

Kazi yangu ni kusahihisha kipimo cha akili cha watoto wa miaka tisa. Ofisi yetu hupita shule hadi shule, kila mtoto anapewa maswali sitini na karatasi ya majibu yenye viduara, anapaka penseli kiduara kimoja kwa kila swali, halafu karatasi zote zinakuja kwangu, na mimi nina kadi ngumu yenye matundu sitini, naiweka juu ya karatasi, naangalia ni matundu mangapi yana weusi wa penseli ndani yake, nahesabu, naandika. Kadi imekatwa kona ya juu kulia na karatasi imekatwa kona hiyo hiyo, kona zikikutana umeiweka sawa. Hesabu yangu ndiyo hugeuzwa kuwa namba ya akili, na namba ndiyo huamua. Mwenye namba kubwa huchukuliwa shule ya bweni yenye maabara na walimu wa kutosha. Mwenye namba ndogo wazazi wake huletewa kikaratasi kilichopigwa mhuri: HASHIKI HARAKA, ASIHARAKISHWE. Mhuri huo ulikaa kwenye droo yangu mimi.

Sasa miaka ishirini na sita iliyopita kadi yangu ilichakaa, nikajikatia mpya kwa mkono wangu, nikailaza ya zamani juu yake nikatoboa matundu sitini, hata moja halikukosea, nikajisifu, kisha simu ikalia, nikaenda kupokea, niliporudi nikashika mkasi nikakata kona. Nikakata kona isiyo yake. Nikakata ya chini kushoto, Mshauri, kwa hiyo kila nilipolinganisha kona kadi ilikuwa inasimama kichwa chini miguu juu, na mimi nahesabu tu, nahesabu, nahesabu.

Shule ya kwanza niliyoisahihisha kwa kadi hiyo ilikuwa ile ya nyuma ya maghala, watoto thelathini na wanane. Wakatoka tisa, kumi na moja, kumi na tatu, nane. Darasa zima. Nikaona ajabu, nikampelekea mkuu wetu wa wakati ule, akatazama jina la shule, akacheka puani, akasema, "Wa maghala hao, ulitegemea nini?" Nikarudi mezani nikapiga mhuri mara thelathini na saba.

Thelathini na saba, kwa sababu mtoto mmoja alipata arobaini na tatu. Karatasi yake haikuwa na majibu ya mtoto anayefikiri, viduara vilipakwa vikipanda na kushuka, vikipanda na kushuka, tangu juu hadi chini kama nyoka anayepita mchangani, na nilipoweka ile kadi juu yake weusi ulikuja tundu baada ya tundu mpaka nikaitoa na kuirudisha mara tatu. Lakini namba ni namba, nikaandika, mtoto akachukuliwa.

Baada ya siku tisa nikasahihisha shule ya pili, ile ya watoto wa maofisa, nao wakatoka tisa, kumi, kumi na mbili. Safari hii mkuu hakucheka. Alisimama akasema, "Wewe, hiyo kadi yako ina kasoro, itazame." Nikaitazama, nikaona kona. Nikakata nyingine, nikawasahihisha upya watoto wa maofisa siku hiyo hiyo, na nje ya ofisi hakuna aliyejua. Kuhusu wale wa maghala mkuu hakuuliza, nami sikusema neno. Vikaratasi vilishafika majumbani, mume wangu alikuwa mgonjwa, mabinti walikuwa wadogo, na nilijua ningefukuzwa siku hiyo hiyo bila hata kunywa chai. Nikazichukua karatasi zao thelathini na nane pamoja na ile kadi, nikazificha kwenye sanduku, nikajiambia nitasema mwezi ujao.

Nilizisahihisha upya nyumbani kwa siri. Walikuwa watoto kama watoto wengine, wengi thelathini na kitu, wachache arobaini. Mmoja, msichana ambaye karatasi yake iliandikwa dawati la mwisho dirishani, alipata hamsini na nne. Katika miaka yangu yote sijaona hamsini na nne nyingine. Na yule wa nyoka alipata kumi na moja.

Haya, sasa sikiliza kinachoninyima raha. Mwaka wa kumi tangu siku ile nilikuwa getini hospitali, nikampa mlinzi barua ya daktari anielekeze, akaitazama akanirudishia, akasema kwa upole, "Mama, mimi sishiki haraka, usiniharakishe." Nikamwuliza alisoma wapi, akasema ya nyuma ya maghala. Miaka mingine ikapita, bomba la ofisini likapasuka, fundi bomba akaja, tukamwonyesha ramani ya mabomba, akasema, "Mimi sishiki haraka, jamani, msiniharakishe," kisha akarekebisha bila ramani kwa dakika ishirini. Ya nyuma ya maghala. Mpaka leo nimeshakutana na kumi na mmoja wao, Mshauri, mpishi wa chuo, mama anayedeki korido za wizara, kinyozi, na wote wanasema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kituo kidogo pale katikati baada ya "haraka", midomo ikitembea kama ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbele yake. Hakuna hata mmoja anayekumbuka ameyatoa wapi.

Na yule wa nyoka ndiye mkuu wangu wa kazi leo. Sikutanii. Kijana wa miaka thelathini na mitano, anaongoza ofisi nzima ya vipimo, ana kichwa hicho, akitazama jedwali la hesabu anaona kosa kabla hujavuta kiti. Siku tuliyomfanyia chai ya kupandishwa cheo alinivuta pembeni akaniambia kama utani, "Mama, nikupe siri? Siku ile nilipopimwa sikusoma hata swali moja. Macho yalikuwa yananiuma, sikuona maandishi, nikachora nyoka." Akacheka. Mimi nikaweka kikombe mezani. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Mpaka leo naogopa mtu akinishika bega kwa nyuma. Naona kama kuna mwenye nafasi yake amekuja kuidai."

Mwenye nafasi yake ni jirani yangu. Yule msichana wa dirishani, wa hamsini na nne, ni fundi cherehani, amepanga chumba cha chini yangu mwaka wa tatu huu. Siku anahamia nilimsikia akimwambia dalali, "Mimi sishiki haraka, kaka, usiniharakishe," nikamwuliza jina, likawa lile la kwenye karatasi ya hamsini na nne. Ni fundi hasa. Hakupimi kwa futi, anakutazama tu unavyoingia, anachukua gazeti, anakata umbo la nguo yako, linakukaa. Magazeti ninampa mimi, hili lako la Jumapili nikishalisoma nateremka nalo. Ananiita mama. Nikiugua ananiletea uji. Na kila ninapofungua lile sanduku kule juu, huwa saa saba mchana ninapokuwa likizo, cherehani kule chini inanyamaza. Nikilifunga, baada ya muda inaanza tena.

Ana binti mmoja wa miaka tisa. Wiki iliyopita mtoto alinipandishia gauni langu lililorekebishwa, na mimi mjinga nilikuwa nimeacha kadi na karatasi moja mezani karibu na dirisha. Nilipotoka jikoni nikamkuta ameiinua kadi usoni, ananitazama kupitia tundu moja kwa jicho moja, na jua linapita kwenye matundu mengine linamwangukia shingoni na kifuani madoa madoa. Yeye akaishusha, akailaza juu ya karatasi, akalinganisha kona, akainamisha kichwa, akasema, "Bibi, hii haikai. Kona hii siyo yake." Akaigeuza. Ilimchukua muda wa kuvaa kiatu. Nikamwuliza umejuaje, akasema, "Mama akilaza gazeti kichwa chini kwenye kitambaa, mkono unatokea kiunoni. Lazima ugeuze."

Nikamwuliza, ukiwa na akili hivyo mbona sikusikii ukitajwa shuleni? Akaangalia sakafu. Akasema, "Mimi sishiki haraka, bibi, usiniharakishe."

Hajawahi kupimwa huyu. Kikaratasi hajawahi kukiona. Na kituo alikiweka pale pale.

Kumbe mwalimu wake ameshamwona, ametuma fomu mzazi akubali mtoto apimwe aingizwe darasa maalumu la wenye vipaji. Jumatano fundi akaja kwangu na fomu, akakaa pale nilipokaa sasa, akasema, "Mama, wewe ni mtu wa vipimo, niambie ukweli. Akili si ya kurithi? Mimi nilipimwa nikaonekana sina. Nimtie mtoto aibu ya nini? Nisaidie tu kuandika pale pa kukataa, mwandiko wako ni mzuri." Akaiacha mezani. Mara mbili ameshaniuliza kama nimeandika, nikamwambia bado, nina kazi.

Basi naomba unisaidie. Nikikataa kuandika ataniuliza sababu. Nikiandika ni kama napiga mhuri wa thelathini na nane. Nikimwambia ukweli ninampoteza, na huenda nikamwangusha na mkuu wangu asiye na kosa. Na kuna jambo jingine ninaloogopa hata kuliandika. Namba zilikuwa za uongo, lakini wote wamekuwa vile vile zilivyosema, aliyeandikiwa kubwa yuko juu na walioandikiwa ndogo wako chini, hakuna aliyetoroka hata mmoja. Kipimo kinawezaje kubashiri maisha ya watu ambao hakikuwapima? Kuna siku najiuliza kama kadi ndiyo ilikuwa sawa, na sisi sote ndio tuliokaa kichwa chini. Ukiitoa gazetini tafadhali badilisha kidogo nisijulikane.

Mimi, Mwenye Kadi

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa kadi,

Barua yako niliisoma nimekaa, nikairudia nimesimama. Pole. Naisema mapema kwa sababu huko mbele hutaisikia tena.

Kwanza nikuondolee mashetani yako, maana umeyafuga mengi na yanakupa kisingizio. Cherehani inanyamaza ukifungua sanduku? Umeandika mwenyewe, unafungua saa saba. Saa saba fundi anakula. Nyoka aliingia matunduni? Kabla sijapewa ukurasa huu nilifundisha miaka kumi na minne, na mitihani ya kuchagua majibu nimeitunga mpaka vidole vikafa ganzi. Mtungaji akichoka mkono wake hupanda na kushuka wenyewe, herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha unarudi. Mtoto asiyeona maandishi naye mkono wake hupanda na kushuka. Kadi ilipogeuka walikutana njiani, basi. Hakuna jini aliyeijua kadi yako.

Ila ile sentensi sina namna ya kukuondolea. Ile nami imenitisha, na wino wake umetoka kwenye droo yako. Mtoto wa miaka tisa karudi nyumbani, baba anakisoma kikaratasi kwa sauti, mama anakichomeka kwenye kioo, mwalimu anakirudia kila akinyoosha kidole, na kaka zake wanamtania nacho mezani. Mwaka mzima, miaka miwili. Baada ya hapo hahitaji kukumbuka alikitoa wapi, kimeshakuwa sauti yake. Kisha naye anazaa, na mtoto wake anajifunza kusema kwa kumsikiliza mama. Unashangaa kituo kimekaa pale pale? Ulikiweka wewe kwa mkono wako, mkato mdogo katikati ya mhuri.

Unaniuliza kipimo kilibashirije. Mama, mimi nikikufungia mlango wa nyumba, kisha nikatangaza mtaani kwamba leo hutaingia ndani, na kweli ukalala nje, utaniita mwaguzi? Mmoja mlimpa maabara, vitabu, miwani naamini, na walimu waliomwita mwerevu kila asubuhi kwa miaka kumi. Akawa mwerevu. Kichwa chake ni cha kweli, asidhani ni cha wizi, mwambie hivyo. Thelathini na saba mliwaambia wasiharakishwe, na kweli hakuna aliyewaharakisha, hakuna hata aliyewangoja. Wakakaa pale mlipowaweka. Hilo ndilo unaloliita kubashiri.

Wala sisemi vipimo vyote vitupwe jalalani. Kipimo kilichowekwa sawa kinaweza kukuonyesha jinsi mtoto fulani alivyofumbua mafumbo fulani asubuhi fulani, na kikisomwa na mtu mwenye huruma kinaweza kumsaidia anayehitaji msaada. Hata alama za shule kinaweza kuzikisia kidogo. Lakini hakijui kama mtoto alikunywa chai, hakijui kama anaona ubaoni, hakijui atakutana na nani kesho. Na fundi bomba anayeziba bomba bila ramani, na fundi cherehani anayekupima kwa macho, niambie hao walikaa kwenye tundu lipi la kadi yako. Ulikuwa unaishi juu ya akili ile miaka mitatu, unaisikia inafanya kazi kutwa, na bado ukaenda kuitafuta sandukuni.

Sasa nikukalipie, maana umelitaka. Darasa zima lilianguka na ukasikia "wa maghala hao", ukatosheka. Watoto wa maofisa walipoanguka, kadi ikakaguliwa siku hiyo hiyo. Kosa la mkasi linasameheka, hata mimi simu ikilia naunguza maharage. Kukaa kimya siku ya tisa, ukiwa na kadi sahihi mkononi na majina yote mezani, huko hakukuwa kukosea. Mume alikuwa mgonjwa, sawa. Alipopona? Au alipofariki? Watoto walipokua? Miaka ishirini na sita, mama, na kila mwezi ulikuwa mwezi ujao.

Na jambo jingine dogo. Hakuna aliyekuuliza namba yako. Umeniandikia mia na kumi na nane kwenye aya ya kwanza, kabla hata ya kuniambia una tatizo gani. Nani alikata kona ya kadi iliyokupima wewe? Unamjua? Simu yake haikulia siku hiyo? Umeishi maisha yako yote ukiegemea hiyo namba, na fundi ameishi yake yote akiibeba ya kwake, na hakuna kati yenu aliyewahi kuigeuza kadi. Aliyeigeuza ni mtoto wa miaka tisa, na mama yake ndiye aliyemfundisha, bila kujua anafundisha.

Umeniomba nibadilishe kidogo usijulikane. Nimebadilisha idadi ya watoto, nimebadilisha na idadi ya maswali. Fundi, cherehani yake na binti yake nimewaacha kama walivyo, kwa makusudi. Kwa sababu umesahau ulichoniandikia mwenyewe: gazeti hili ukishalisoma unateremka nalo, na yeye analilaza mezani akate nguo ya mtu. Hata usipoteremka nalo wewe, Jumapili liko kila kibanda. Nisingependa akutane na maisha yake kwenye ukurasa wa kumi na nne akiwa na mkasi mkononi. Ukasirike ukitaka, nitakupokea. Lakini umtangulie.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, sasa hivi, kabla hujafunga ukurasa huu, vuta sanduku. Toa karatasi yake peke yake, nyingine ziache kwanza. Toa kadi. Chukua fomu, usiandike kitu juu yake, si pa kukubali wala pa kukataa, mkono wako umeshaandika vya kutosha kwenye maisha ya nyumba ile. Teremka. Kama mtoto yupo, mwache akae, yeye ameshaiona kadi kabla ya mama yake.

Usianze na hamsini na nne. Ukimpa namba mpya utakuwa umemwekea kadi nyingine usoni, kubwa zaidi tu. Mpe karatasi aione penseli yake mwenyewe ya miaka tisa. Mpe kadi. Mwambie, "Niliikata mimi, na niliijua siku ya tisa," useme na hiyo siku ya tisa, usiimeze. Kisha usimwelekeze. Ni mtu anayelaza karatasi juu ya kitambaa kila siku ya maisha yake, mkono ukitokea kiunoni anajua kosa liko wapi. Ataigeuza mwenyewe. Akitaka kuhesabu, ahesabu mwenyewe.

Msamaha usiuombe leo. Utakuwa unamwongezea kazi. Akikufukuza, toka. Asipokuletea uji tena, pika wako. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wako na karatasi thelathini na saba zilizobaki, mwambie kabla hajashikwa bega na mtu mwingine. Yeye ana ofisi, ana magari, ana barua zenye nembo, mkaanze kuwatafuta hao watu mmoja mmoja, mlinzi wa geti ndiye wa kwanza kwa kuwa unajua anaposimama. Mhuri kama bado upo, uchomeni.

Fomu itabaki mezani kwa fundi. Ina mpaka Ijumaa saa nane, na leo ni Jumapili, kwa hiyo ana siku tano. Huenda asiseme kitu. Huenda akaishika ile kadi mchana kutwa, akiigeuza na kuigeuza, na cherehani iko kimya, na safari hii kweli itakuwa imenyamaza kwa ajili yako. Utatamani kueleza, utatamani kulia, utatamani kumwambia wakati unakwisha. Kaa kwenye kiti chako, mama, ufunge mdomo, umngoje.

Usimharakishe.